Kupwa, Kuzama na Kuliwa: Vitenzi vya Pwani na Lugha ya Jiolojia katika Kiswahili

Utangulizi



Bandari kuu ya Mombasa inaitwa Kilindini. Jina hili halihitaji mkalimani: kilindi ni mahali baharini ambapo maji yamekwenda chini sana, na kilindini ni humo ndani yake. Waliolitoa jina hilo walikuwa watu wa vyombo, waliopima kina kwa bildi, na haja yao ilikuwa kujua kama chombo kitapita au kitakwama. Hawakuwa na sababu ya kuuliza kilindi kile kilichimbwa na nini. Mwanajiolojia anayefika hapo huanza na swali hilo, na jibu lake huwashangaza wengi: Kilindini ni bonde la mto. Takriban miaka 20,000 iliyopita, kiasi kikubwa cha maji ya dunia kilikuwa kimefungwa katika barafu iliyofunika kaskazini ya Ulaya na Marekani, na uso wa bahari ulikuwa chini ya ulivyo leo kwa kiasi cha mita 120. Mito iliyoshuka kuelekea bahari hiyo ya mbali ilichimba mabonde marefu katika mwamba wa pwani. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda ikayajaza mabonde hayo, na kisiwa cha Mombasa kikabaki katikati ya maji.

Mzungumzaji wa Kiswahili akitakiwa aeleze habari hii kwa sentensi moja, yaelekea atasema kwamba bonde lile lilizama. Sentensi hiyo ni sahihi kisarufi, lakini inasema jambo ambalo halikutokea. Kinachozama hutoka juu kikaenda chini, kama meli au jiwe. Bonde la Kilindini halikwenda popote. Lilikaa pale pale na maji ndiyo yaliyolijia. Kitenzi kinachostahili hapo ni kugharikishwa, au kufunikwa. Tofauti ya kuzama na kugharikishwa ni tofauti ya nadharia mbili za jiolojia: moja inasema ardhi imeshuka, nyingine inasema bahari imepanda.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba katika Kiswahili maelezo ya namna dunia inavyojiumba, ndani na pwani, hubebwa na kitenzi kuliko nomino. Kazi ya istilahi, kwa upande mwingine, imekuwa zaidi kazi ya nomino. Kamati huketi na orodha ya majina ya Kiingereza, na kila jina hutafutiwa mwenzake. Kwa njia hiyo zimepatikana kazi za thamani, kama Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990. Jiolojia haimo katika anwani ya kamusi hiyo, na mwanafunzi wa Tanzania au Kenya anayefika kwenye habari za mabamba ya dunia katika shule ya sekondari huzisoma kwa Kiingereza. Hata hivyo nomino zikikosekana si hasara kubwa sana, kwa kuwa zinaweza kukopwa. Jiolojia yenyewe ni neno la kukopa na halimsumbui mtu. Kitenzi hakikopeki kwa wepesi huo. Mtu atasema kwa kitenzi alichonacho, na kama si chenyewe, atakuwa amefundisha kosa bila kujua.

Ganda, ute na kiini

Walimu wengi hulinganisha dunia na yai. Ulinganisho huu una bahati ya pekee katika Kiswahili, kwa sababu sehemu za yai zimekwisha kuipa lugha istilahi zake: ganda la yai na ganda la dunia, kiini cha yai na kiini cha dunia. Yafaa kuupima ulinganisho huo kwa tarakimu kabla ya kuusifu.

Kutoka juu ya ardhi hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Ganda lililo chini ya mabara lina unene wa kilomita 35 hadi 40 kwa wastani. Chini ya bahari kuu ni kilomita 7 hivi tu. Ganda la yai la kuku lina unene wa takriban theluthi moja ya milimita, na yai lenyewe, kutoka ubavuni hadi katikati, ni milimita 22 au zaidi kidogo. Anayefanya hesabu ataona kuwa ganda la dunia, kwa uwiano, ni jembamba kuliko la yai, na chini ya bahari ni jembamba mara nyingi zaidi. Shimo refu kuliko yote yaliyochimbwa na binadamu kwenda chini, lile la Kola huko Urusi, lilifika mita 12,262 mwaka 1989. Katika yai, huo ni mkwaruzo usiofika hata katikati ya ganda. Yote yanayojulikana kuhusu sehemu zilizo chini zaidi yamejulikana kwa kusikiliza matetemeko, kama mnunuzi anavyogonga nazi au tikiti ili kujua lililomo.

Mpaka hapo yai linafaa. Shida iko kwenye ute. Kati ya ganda na kiini, mpaka kina cha kilomita 2,890, kuna tabaka linalochukua sehemu kubwa ya ujazo wa dunia, na mwanafunzi aliyelelewa kwa mfano wa yai huamini kuwa tabaka hilo ni uji wa mwamba ulioyeyuka. Imani hiyo husaidiwa na kila picha ya volkano, na pengine na mawaidha juu ya moto ulio chini. Ukweli ni kwamba tabaka hilo ni mwamba mgumu. Ushahidi unatokana na mawimbi ya tetemeko yenyewe. Yako ya aina mbili zinazopita ndani ya dunia: yanayosukuma mwamba mbele na nyuma, na yanayoutikisa upande kwa upande. Aina hii ya pili haiwezi kupita katika kimiminika, kwa kuwa kimiminika hakina uthabiti wa kurudi mahali pake kikivutwa ubavuni. Mawimbi hayo hupita katika tabaka hilo bila kizuizi. Yakifika kilomita 2,890 hukoma. Basi kilicho chini ya hapo ndicho kimiminika: kiini cha nje, kilichofanyika kwa chuma kilichoyeyuka. Na ndani ya hicho, kuanzia kilomita 5,150 hivi, kuna kiini kingine kigumu, ambacho mwanasayansi wa Denmark, Inge Lehmann, alikibainisha mwaka 1936 kwa kuchunguza mawimbi yaliyojitokeza mahali ambapo hayakutarajiwa.

Hapa ndipo inapobainika kuwa tatizo la ute si tatizo la jina. Hata tabaka hilo likipewa jina jipya kabisa, swali litabaki: mwamba huo mgumu unafanya nini? Unasogea, kwa kasi ya sentimita chache kwa mwaka, ukibeba joto kutoka chini. Kusema kwamba unatiririka ni kumrudisha mwanafunzi kwenye uji. Kusema kwamba umetulia ni kukana chanzo cha volkano, milima na bahari. Kiswahili kina kitenzi kinachoingia katikati ya hayo mawili, nacho ni kutambaa. Mtoto hutambaa, mboga za maboga hutambaa. Kinachotambaa hakiruki wala hakimwagiki, na jicho la mpita njia halikioni kikisogea. Lami ya barabarani inaweza kutumika kama mfano: nyundo huipasua kama jiwe, lakini jua na uzito wa magari, kwa miezi, huifanya ijikunje ukingoni mwa njia. Mwamba wa ndani ya dunia hutambaa. Sentensi hii haina istilahi hata moja mpya na haimdanganyi mtu.

Jambo dogo laweza kuongezwa juu ya ushindani wa ganda na gamba, kwa kuwa vitabu hutumia yote mawili. Ganda huleta picha ya kitu kizima kinachofunika. Gamba la samaki huwa pamoja na magamba mengine, moja likipandiana na jingine, na kwa hiyo huenda mtu akaona kuwa gamba linaeleza vizuri zaidi dunia iliyogawanyika vipande vinavyosukumana. Lakini vipande hivyo, yaani mabamba, si ganda peke yake. Kila bamba hubeba pia sehemu ya juu ya mwamba ulio chini ya ganda, na unene wake ni wa kilomita mia moja hivi. Ni afadhali ganda libaki jina la tabaka, na bamba libaki jina la kipande kinachosogea. Neno bamba nalo, likiwa limetoka kwa wafua vyuma, humfanya mtu afikirie kitu chembamba. Hilo ni kosa ambalo mwalimu anaweza kulirekebisha kwa tarakimu moja.

Ufa

Kama kuna istilahi ya jiolojia iliyofaulu katika Kiswahili, ni Bonde la Ufa. Ufa ni wa ukuta, wa chungu, wa kisigino. Mto hauwezi kufanya ufa. Neno hilo moja linakanusha kile ambacho bonde lingemfanya msikilizaji akidhani, yaani kwamba mahali hapo palichimbwa na maji. Palipasuka: ardhi ilivutwa huku na huku, ikanyooka na kukonda, na kipande cha katikati kikadidimia kati ya kuta mbili.

Kudidimia ni kitenzi kingine kinachostahili kutazamwa. Nguzo iliyowekwa kwenye udongo laini hudidimia: yenyewe ndiyo inayoshuka, polepole, na kwa uzito wake. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa hilo, katikati ya bara, iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Hakuna mto uwezao kuchimba shimo la namna hiyo, kwa kuwa mto huishia baharini na hauwezi kuchimba chini ya mwisho wake. Sakafu ya Tanganyika ilididimia. Kule Kilindini kitenzi hiki hakifai, na hapa kugharikishwa hakufai. Wala kimoja hakiwezi kuazimwa kwa ajili ya kingine.

Upande wa mashariki wa ufa huo uko juu ya bamba la Somalia, upande wa magharibi juu ya bamba la Nubia, na yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka. Kila mzungumzaji wa Kiswahili anajua methali ya ufa na ukuta. Huu ni ufa ambao haukupewa mtu wa kuuziba. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 na lile la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 ni hatua mbili za kuachana huko, na Nyiragongo, ambayo lava yake iliingia Goma mwaka 2002 na kukaribia tena mji huo mwaka 2021, imesimama kwenye mkono wa magharibi wa ufa huo huo.

Lisilosemwa mara nyingi ni kwamba pwani ya Waswahili yenyewe ni ukingo wa ufa mkongwe zaidi. Kiasi cha miaka milioni 160 iliyopita Madagaska, ambayo ilikuwa imeshikana na nchi zinazoitwa leo Somalia, Kenya na Tanzania, ilianza kujitenga na kuelekea kusini. Ufa ule ulikwenda mpaka mwisho: ulipasuka, ukatanuka, ukaingiwa na bahari. Kwenye ukingo ulioachwa, mito imemwaga mchanga na tope kwa miaka yote hiyo, na ukingo umekuwa ukididimia chini ya mzigo wake. Gesi iliyogunduliwa Songosongo mwaka 1974 na Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982, imo katika tabaka hizo. Mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 na kupelekwa Berlin, ilikutwa katika mawe ambamo tabaka za nchi kavu na tabaka za bahari zinafuatana kwa zamu. Miaka milioni 150 iliyopita, basi, pwani ya Lindi ilikuwapo tayari, na bahari ilikuwa ikija na kurudi.

Unguja na Pemba

Visiwa viwili vilivyotajwa pamoja mara nyingi kiasi kwamba vimekuwa kama jina moja havina asili moja. Kati ya Unguja na bara, mkondo una kina cha makumi ya mita tu. Bahari iliposhuka mita 120, mkondo huo ulikuwa nchi kavu, na mtu au mnyama angeweza kutembea kutoka bara mpaka ilipo Jambiani. Walitembea. Katika pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, wanaakiolojia wamekuta mifupa ya punda milia pamoja na dalili za watu wa zama hizo za barafu. Chui aliishi Unguja mpaka karne ya 20.

Mkondo wa Pemba una kina cha karibu mita 800. Bahari ilishuka, Pemba ikabaki kisiwa. Haikupata chui wala punda milia, ila wenye mbawa: ina popo mkubwa asiyepatikana kwingine, na ndege wa aina nne wa peke yake, akiwamo ninga na bundi mdogo. Kina kile hakikuletwa na kupanda kwa maji. Kilitokana na mipasuko ya mwamba, upande mmoja ukididimia na mwingine ukibaki juu. Kwa ufupi, Unguja ilikatwa na bahari iliyopanda, na Pemba ilitengwa na ardhi iliyoshuka. Mwalimu anayesema kwamba visiwa vyote viwili vilijitenga na bara amesema kweli, lakini kitenzi chake kimefuta habari yote iliyokuwa na manufaa.

Wakulima wa Unguja, kwa upande wao, wameisoma jiolojia ya kisiwa kwa miguu na jembe. Wanatofautisha kinongo, ambao ni udongo mwekundu mzito, na kichanga. Wanatofautisha uwanda na maweni, ardhi ya jiwe la matumbawe ambapo udongo hukaa mifukoni mwa mwamba tu. Maweni ni bahari ya kale. Kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, kabla ya kipindi cha mwisho cha barafu, bahari ilisimama mita kadhaa juu ya ilipo leo, na matumbawe yakamea katika sehemu ambazo sasa ni makonde. Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, imesimama juu ya mwamba wa namna hiyo na imejengwa kwa mawe ya namna hiyo.

Kumea ni kitenzi cha haki kwa matumbawe, ingawa kwa kawaida ni cha mimea. Mafundi wa Kilwa walilijua hilo kwa mikono. Kwa kuta walitumia jiwe gumu la nchi kavu; kwa vibla, miimo ya milango na nakshi walikata tumbawe hai kutoka baharini, likiwa bado laini, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Kwa fundi huyo jiwe lilikuwa na umri na lilikuwa na uhai. Neno mwamba, ambalo kwa mvuvi ni ule wa baharini unaovunja mawimbi na kwa mwanajiolojia ni kila jiwe la asili lililo ardhini, limepoteza tofauti hiyo katika safari yake kutoka pwani hadi darasani. Matokeo yake huonekana pale uvuvi wa baruti unaposemwa kwamba unavunja mwamba. Jiwe likivunjika, liko palepale vipande vipande. Tumbawe likivunjika limekufa, na ukuta uliokuwa ukijijenga wenyewe mbele ya pwani umeacha kujijenga.

Bahari imekula

Kusini-mashariki mwa mji wa Pangani kulikuwa na kisiwa kidogo cha mchanga kiitwacho Maziwi, chenye miti, ambapo kasa walipanda kutaga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa hicho kilitoweka. Leo ni fungu: huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Habari ya Maziwi husimuliwa kwa vitenzi vitatu. Kuna wasemao kilizama, kuna wasemao kilimezwa, na kuna wasemao kililiwa na bahari. Kwa msikilizaji wa kawaida vitatu hivi ni mapambo ya kauli moja. Kwa anayetafuta sababu, ni madai matatu. Kama kilizama, ardhi ilishuka, na hakuna mtu wa kuulizwa. Kama kilimezwa, bahari ilipanda. Na bahari kweli imepanda, takriban sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20, lakini kima hicho peke yake hakitoshi kufuta kisiwa katika miaka michache. Kama kililiwa, mchanga wake ulichukuliwa, tonge kwa tonge, na hapo swali hugeuka kuwa kwa nini mchanga mwingine haukuja kuziba pengo, na nini kilichokuwa kikiushikilia hapo awali. Miongoni mwa sababu zilizotajwa na waliolichunguza jambo hilo ni kukatwa kwa miti iliyokuwa juu ya kisiwa. Mchanga usio na mizizi ni chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Kaskazini mwa Dar es Salaam, huko Kunduchi, ufuko umeliwa vivyo hivyo, na majengo yameanguka. Fukwe za pale hulishwa na mchanga unaoletwa na mito midogo kama Tegeta na Mbezi, kisha pepo za kusi na kaskazi huusukuma mchanga huo huku na huku kufuata majira. Kwa miaka mingi mchanga umechimbwa katika mito hiyo kwa ajili ya ujenzi wa jiji. Katika sentensi isemayo kwamba bahari imekula Kunduchi, mtendaji ni bahari. Lori halimo. Sarufi ya Kiswahili haimlazimishi mtu aseme hivyo. Ingeruhusu pia kusema kwamba ufuko umenyimwa mchanga, au umekondeshwa. Atakayejenga ukuta dhidi ya bahari na atakayezuia uchimbaji mtoni wamesikia vitenzi viwili tofauti, na mara nyingi ukuta husogeza tu ulaji kwenye ufuko wa jirani.

Kupwa kusiko kwa wakati wake

Neno pwani lenyewe linahusiana na kitenzi kupwa: ni mahali ambapo maji hutoka yakaacha upwa. Si lugha nyingi ambazo jina la mahali pa kuishi limefungwa na tendo la bahari namna hii. Na tendo hilo lina ratiba. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu kuna bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati ya hapo ni maji mafu. Mtu wa pwani anayejua tarehe ya mwezi anajua, bila saa, kama maji yako wapi.

Tarehe 26 Desemba 2004 mwezi ulikuwa mpevu. Alfajiri, karibu saa kumi kwa saa za Afrika Mashariki, sakafu ya bahari magharibi mwa Sumatra ilipasuka kwa tetemeko la ukubwa wa 9.1: bamba moja lililokuwa likididimia chini ya jingine lilifyatuka baada ya karne za kukwama. Mawimbi yalivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Afrika Mashariki baada ya saa tisa hivi, mchana wa siku hiyo. Kwa kuwa ilikuwa bamvua, asubuhi maji yalikuwa yamekupwa sana, na mawimbi yalifika kabla bahari haijajaa. Hilo lilipunguza madhara. Nchini Somalia, hasa Hafun, watu karibu 300 walikufa. Kenya, watu waliondolewa katika fukwe kwa sababu habari ilikuwa imetangulia. Tanzania, watu kadhaa waliokuwa wakiogelea walipoteza maisha.

Katika tukio la namna hii bahari huweza kurudi nyuma kabla ya kupanda, ikaacha wazi sehemu ambazo hata bamvua haiziachi. Mzungumzaji wa Kiswahili akiona hivyo, kitenzi kinachomjia ni kupwa, na kupwa ni kitenzi cha amani. Maji yakipwa, akina mama huenda kuchokoa pweza, wenye madau hukagua vyombo, watoto huokota kombe. Upwa mkubwa ni neema. Ila ratiba ile ile iliyomo ndani ya neno ndiyo inayoweza kumtahadharisha anayeijua: maji yanayotoka yalipopaswa kuja hayakupwa. Kwa mtu huyo, bamvua na maji mafu ni kipimo cha kutambua lisilo la kawaida. Kwa kijana aliyekulia mjini, ambaye kwake maji yapo au hayapo, kipimo hicho kimekwisha kupotea, na hapa upotevu wa msamiati si suala la kumbukumbu za wazee tu.

Baada ya mwaka 2004 neno tsunami liliingia katika Kiswahili kupitia redio na magazeti, nalo limebaki. Ni la Kijapani, na maana yake ni wimbi la bandarini. Wengine hulitamka sunami. Ni rahisi kudhani kwamba Kiswahili hakikuwa na jina kwa sababu pwani hii haikuwahi kuliona jambo lenyewe, lakini ardhi ya Pangani inasema vingine. Mwaka 2020 watafiti, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha habari za tabaka la mchanga lililokutwa katika ghuba ya Pangani, lenye umri wa miaka 1,000 hivi na lenye mifupa ya watu ndani yake, ambalo wamelieleza kuwa liliachwa na tsunami. Miaka hiyo makazi ya wavuvi yalikuwa yameenea katika pwani hiyo. Waliosalimika bila shaka walilipa jambo lile jina. Halikufika katika kamusi yoyote.

Mfumo wa tahadhari ya tsunami wa Bahari ya Hindi umekuwa ukifanya kazi tangu mwaka 2011, na taarifa zake hupokewa na mamlaka husika za kila nchi, ambazo nazo huwajibika kuzifikisha kwa wananchi kwa lugha wanayoielewa. Taarifa ya namna hiyo husomwa redioni mara moja au mbili, haina nafasi ya tanbihi, na anayeisikiliza yuko kwenye mtumbwi au jikoni. Mfasiri wake akiandika kwamba maji yanaweza kupwa kabla ya wimbi, ameandika Kiswahili fasaha, na msikilizaji atasubiri yajae kwa wakati wake. Akiandika kwamba bahari ikikauka ghafla watu wakimbilie mahali pa juu, hatakuwa ametumia neno lolote la kitaalamu.